Kutoka uwanja wa vumbi hadi kikosi cha kwanza: mwongozo kamili kwa kijana wa Lubumbashi

Likizo kubwa ikianza, viwanja vya mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Ruashi hugeuka vyekundu. Vumbi linapanda hadi magotini, akina mama wanauza maji pembeni, na kila mtaa una kijana wake ambaye watu wamempa jina la mchezaji mkubwa wa Ulaya. Anapiga chenga tatu, uwanja mzima unapiga kelele. Ukirudi mwaka unaofuata, unamkuta palepale, na jina lilelile. Nimefundisha vijana kwa miaka mingi na jambo hilo bado linaniuma, kwa sababu mara nyingi kijana hakukosa kipaji. Alikosa mtu wa kumwambia kinachoangaliwa huko juu ni nini.

Mechi ina dakika 90. Mchezaji mmoja, hata awe kiungo anayeguswa na kila mpira, hukaa na mpira mguuni dakika mbili au tatu tu. Mtaani tunampima mtu kwa dakika hizo. Kwenye Linafoot, ligi kuu ya Kongo, anapimwa kwa zile 87 zilizobaki: anasimama wapi, anakimbia lini, anasema nini, anafanya nini akipoteza mpira, amelala saa ngapi jana. Mwongozo huu ni wa hizo 87.

Kwanza, zijue ngazi

Juu kabisa ipo Linafoot, chini ya shirikisho letu la mpira, FECOFA. Chini yake kuna ligi za mkoa, na chini ya hizo kuna antante, yaani vyama vya mpira vya mji. Kijana wa mtaani huwa anaangalia juu tu: Mazembe au Lupopo, basi. Namwelewa. Timu hizo mbili zote zilizaliwa 1939, moja kwa wamisionari Wabenediktini wa Saint-Boniface, nyingine kwa wafanyakazi wa reli, na derbi yao inasimamisha mji. Mazembe wamekuwa mabingwa wa Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Desemba 2010 pale Abu Dhabi waliwafunga Internacional wa Brazili 2-0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Jezi ile nyeusi na nyeupe ni nzito.

Lakini mlango wako wa kwanza si huo. Mlango wako ni timu yoyote iliyosajiliwa kwenye antante, inayoweza kukutolea lisansi, yaani kadi ya usajili wa mchezaji. Hata daraja la chini kabisa lina refa, lina karatasi ya mechi, na jina lako linaandikwa pale na tarehe. Ukicheza mechi 20 za namna hiyo katika msimu, una kitu cha kuonyesha. Ukicheza mechi 100 za mtaani za kugombea kreti ya soda, huna. Kwa hiyo kama una miaka 15 au 16 na bado huna lisansi, hiyo ndiyo kazi ya mwezi huu, kabla ya viatu vipya na kabla ya kitu kingine chochote.

Chagua timu ambayo utacheza, si timu yenye jina. Kijana anayekaa mwaka mzima akitazama wenzake kwa sababu anataka kuvaa jezi ya timu ya watoto ya klabu kubwa anapoteza mwaka ambao hautarudi.

Chagua nafasi moja

Siku ya majaribio, ukiwauliza vijana 40 wanacheza wapi, 25 watasema namba kumi. Waliobaki watasema mshambuliaji. Beki wa kushoto humpati.

Niliwahi kuwa na kijana mmoja ambaye hakuwa na chenga hata moja. Mguu wake wa kushoto ulikuwa wa kawaida. Nilimpeleka kwenye majaribio nikiwa na wasiwasi, nikamwambia ajiandikishe beki wa kushoto. Dakika ya kumi akapoteza mpira mbele, vibaya kabisa, watu wakacheka. Hakushika kichwa. Aligeuka palepale, akakimbia mita 40 kurudi nyuma, akaingiza mguu, mpira ukatoka nje. Mwalimu wa timu ile, aliyekuwa amekaa kimya tangu asubuhi, aliinama kwa msaidizi wake: “Ule mutoto wa pembeni, anaitwa nani?” Nilisikia kwa masikio yangu. Waliofanya chenga siku ile hakuna aliyeulizwa jina.

Kwa hiyo angalia mwili wako na tabia yako kwa ukweli. Unapenda kukimbia mbio ndefu na huchoki? Pembeni. Unaona pasi kabla ya wengine lakini huna kasi? Kiungo wa chini. Unapenda kuongea na kupanga watu? Beki wa kati au kipa. Jifunze nafasi moja vizuri na ya pili kwa kiasi, ili mwalimu akikosa mtu akukumbuke.

Wiki 12 kabla ya majaribio

Vilabu vingi huangalia wachezaji kabla msimu haujaanza. Hesabu wiki 12 nyuma kutoka hapo, uanze asubuhi, saa kumi na mbili, jua likiwa bado halijakasirika. Mwezi wa sita na wa saba baridi yetu ni kali, kwa hiyo kupasha mwili moto si jambo la kuruka. FIFA wana mpango wao wa kupasha mwili unaoitwa 11+, wa dakika 20 hivi: mbio nyepesi, mazoezi ya tumbo, mapaja na kusimama kwa mguu mmoja, kisha mbio za kasi. Hauhitaji kifaa chochote zaidi ya mpira, picha zake zinapatikana bure kwenye intaneti, na tafiti zimeonyesha kwamba timu zinazoufuata hupata majeraha machache. Ufanye angalau mara mbili kwa wiki.

Wiki ya kawaida naipanga hivi.

Jumatatu ni pumzi: kimbia dakika nne kwa nguvu, kiasi kwamba huwezi kuongea sentensi nzima, kisha tembea dakika tatu. Rudia mara nne. Jumanne ni ukuta: pasi 100 kwa mguu wako dhaifu, uso wa ndani wa kiatu, mpira usidunde zaidi ya mara moja. Jumatano fanya mazoezi na timu yako. Alhamisi ni kasi: mita 30, mara kumi, na kati ya mbio moja na nyingine pumzika hadi pumzi irudi kabisa, maana kasi haijengwi na mwili uliochoka. Ijumaa gusa mpira kidogo tu. Jumamosi mechi. Jumapili lala.

Sasa zoezi ambalo ningekuomba usiliache hata siku moja, na ambalo sijawahi kuona mtaani. Simama katikati ya wenzako wawili. Mmoja mbele yako ana mpira, mwingine yuko nyuma yako, mita kumi. Wa mbele akijiandaa kupiga, wa nyuma anainua vidole: viwili, vinne, kimoja. Wewe, kabla mpira haujakufikia, geuza kichwa juu ya bega, ona vidole, taja hesabu kwa sauti, kisha pokea. Siku ya kwanza mpira utakupita kila mara. Wiki ya tatu utakuwa unataja na kupokea bila kufikiri. Ukiingia kwenye mechi utashangaa: unajua adui yuko wapi kabla hajafika. Wachezaji wa daraja la juu wanaonekana wana muda mwingi kwa sababu hiyo. Walishaangalia.

Kila wiki ya tatu jipime. Hesabu mita 20, weka mawe mawili, kimbia kwenda na kurudi, pumzika sekunde 10, rudia, ukiongeza kasi kidogo kidogo hadi ushindwe. Andika idadi kwenye daftari. Walimu wengi hutumia kipimo cha namna hiyo, na ni aibu kukutana nacho kwa mara ya kwanza mbele yao.

Viatu

Kwenye udongo wetu mgumu wa msimu wa kiangazi usivae viatu vyenye meno marefu ya chuma. Vinapiga kisigino na goti, na baada ya miezi miwili hutaweza kupanda ngazi. Tafuta vyenye meno mafupi, mengi, ya mviringo. Hivyo vitakufaa pia kwenye nyasi bandia, kama zile za uwanja wa Mazembe pale Kamalondo.

Ukinunua vya mitumba, nenda jioni mguu ukiwa umevimba kidogo, vaa soksi utakazochezea. Kunja kiatu kwa mikono miwili: kinatakiwa kukunjika mbele, pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati, kimekufa, hata kama rangi inang'aa. Bonyeza kila jino kwa kidole gumba. Pitisha ukucha kati ya soli na ngozi kuzunguka kiatu chote. Ukiingia mahali, mpe fundi wa viatu ashone siku hiyo hiyo, usingoje gundi.

Chakula, usingizi, malaria

Hapa watu wengi wanataka kusikia kuhusu unga wa misuli unaouzwa madukani. Sina la kusema juu yake. Bukari (ugali), maharagi, sombe (kisamvu), kapenta (dagaa) na yai vinatosha kumjenga kijana, ilimradi vije kwa wakati. Kula chakula kizito saa tatu au nne kabla ya mechi, ndizi moja ikibaki saa moja, na ndani ya saa moja baada ya mechi kula tena. Kunywa maji siku nzima, si chupa nzima ukiwa kwenye mstari. Lala saa nane hadi tisa, ndani ya chandarua.

Chandarua nakiweka hapa makusudi. Nimeona misimu mingi ikiharibiwa na malaria kuliko ilivyoharibiwa na mabeki wakali. Homa ikianza, nenda upimwe, maliza dawa zote hata ukijisikia vizuri siku ya pili. Kisha usirudi uwanjani kesho yake. Siku chache tembea, halafu kimbia taratibu, halafu mpira mwepesi. Wiki nzima ikipita ndipo urudi kwa nguvu zote.

Kifundo kikiteguka, siku mbili za kwanza ni baridi, bandeji, na mguu juu ya mto. Usikubali mtu akukande kwa maji ya moto siku hiyo, hata akiwa mjomba wako. Na ukigonga kichwa ukaona giza au ukasahau matokeo, mechi imekwisha kwako. Mwambie mwalimu. Usione haya.

Siku ya majaribio

Fika saa moja kabla. Beba maji, fulana mbili za rangi tofauti, nakala za karatasi zako kwenye plastiki. Ukiulizwa nafasi, taja ile uliyoifanyia kazi, usibadilishe kwa sababu umeona foleni ni ndefu.

Pasi yako ya kwanza iwe fupi na rahisi. Mpira wa kwanza ukifika salama kwa mwenzako, moyo unatulia. Kisha ongea. “Mtu nyuma!” “Uko peke yako!” “Rudisha!” Vijana hunyamaza kwa woga, na walimu wanaandika jina la anayeongea hata kabla hawajaona miguu yake. Mwalimu mmoja mzee wa hapa alikuwa na swali moja tu kwa kila kijana mwishoni: “Ukishapoteza mupira, unaenda wapi?” Aliyejibu “nasubiri pasi” alirudi nyumbani.

Wakikukataa, muulize mwalimu kwa heshima, na kwa faragha: “Papa, nirekebishe nini?” Wengi watakujibu. Andika jibu. Rudi baada ya miezi sita ukiwa umelifanyia kazi, umkumbushe maneno yake.

Karatasi

Sehemu hii ni ndefu kwa sababu ndiyo inayoua ndoto nyingi, na kimyakimya.

Mtoto akizaliwa, sheria yetu inampa mzazi siku 90 kumtangaza kwenye ofisi ya raia ya komini (manispaa). Ukipita muda huo, njia ni mahakama: unapata hukumu, ile ambayo watu huita jugement supplétif, ndipo akti (cheti) ya kuzaliwa inaandikwa. Inachukua muda na fedha. Mama, baba, anzeni leo kama mtoto hana akti. Msingoje timu ije na lisansi mkononi.

Na umri uwe ule wa kweli. Najua wanaosema “kata miaka miwili, kila mtu anafanya hivyo.” Tangu 2009 FIFA hupima mfupa wa kifundo cha mkono kwa mashine kwenye mashindano ya chini ya miaka 17, na picha ile haijali akti yako imeandikwa nini. Jambo baya zaidi ni hili: kijana aliyekata miaka anaishi na tarehe mbili za kuzaliwa, moja shuleni na moja kwenye lisansi, na siku pasipoti inapohitajika haraka, hazikubaliani.

Kama unadhani karatasi ni mambo ya watoto, kumbuka 2011. Mazembe walikuwa mabingwa watetezi wa Afrika, wakawatoa Simba wa Dar es Salaam uwanjani, kisha wakaondolewa mashindanoni na CAF, shirikisho la mpira la Afrika, kwa sababu ya hadhi ya mchezaji mmoja ambaye mkataba wake na klabu nyingine ulikuwa na mgogoro. Miguu yao ilishinda. Karatasi iliwashinda.

Mtu wa kati

Familia moja ninayoifahamu iliuza kiwanja kumlipa bwana mmoja aliyeahidi majaribio nje ya nchi. Alikuwa na kadi, koti zuri, picha na wachezaji kwenye simu. Kijana alikuwa na miaka 16. Hawakumwona tena, na mama yule mpaka leo anapita mbali na kiwanja kile asikione.

Sheria ziko wazi, zikaririni. FIFA hairuhusu mchezaji chini ya miaka 18 kuhamishiwa nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache nyembamba. Wakala lazima awe na leseni ya FIFA, na jina lake linaweza kutafutwa kwenye tovuti yao. Hana ruhusa ya kumfuata mtoto moja kwa moja: anahitaji idhini ya maandishi ya mzazi, na si mapema kuliko miezi sita kabla ya mtoto kufika umri wa kusaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa. Wakala analipwa kutokana na mkataba ukishapatikana. Anayeomba fedha ya “faili”, ya “viza”, ya “kufungua njia”, mfungulieni mlango atoke.

Mkataba wenyewe ukija, chini ya miaka 18 hauwezi kuzidi miaka mitatu. Ukishatimiza 18, mwisho ni mitano. Nenda nao nyumbani. Mtafute mtu anayesoma Kifaransa cha sheria, hata mwalimu wa shule yako, msome kila mstari: mshahara unalipwa lini, nani analipa hospitali ukiumia, nini kinatokea timu ikishuka. Nakala moja ibaki kwako. Na shule usiiache kabla ya mtihani wa serikali. Mazoezi ya wakubwa mara nyingi ni asubuhi, kwa hiyo mwambie mkuu wa shule mapema, kwa barua, mtapanga.

Miezi sita ya kwanza na wakubwa

Umeitwa kikosi cha kwanza. Kinachokushtua siku ya kwanza ni uzito. Pasi zinakuja zikiwa ngumu, mabega ya watu wenye miaka 28 ni kama mlango, na hakuna anayekusubiri. Miezi mitatu ya mwanzo utajiona mbovu. Wote wanapita hapo.

Beba mipira bila kuambiwa. Waite wakubwa yaya, yaani kaka, wasalimie mmoja mmoja. Kisha mazoezi yakianza, heshima hiyo iache pembeni ya mstari: ukimwogopa yaya kwenye mpira wa kugombea, atakudharau yeye mwenyewe. Chagua mmoja anayecheza nafasi yako, mtazame dakika nzima bila kuangalia mpira. Anaanza kukimbia lini? Mikono yake iko wapi kabla ya kuruka? Muulize swali moja kwa wiki. Wakubwa wanapenda kuulizwa kuliko unavyofikiri.

Benchi nalo ni kazi. Kaa ukimwangalia mtu wa upande wako atakayekukabili ukiingia: mguu gani anaupenda, anachoka upande gani. Pasha mwili kwa ukweli, si kwa kutembea ukiangalia jukwaa. Siku itakuja, dakika ya 82, mwalimu atakuita, na sauti ya uwanja wa Kibassa Maliba itaingia tumboni. Usitafute bao la kuandikwa gazetini. Dakika nane zako zigawe hivi: mbili za kwanza gusa mpira mara moja kwa pasi rahisi na shinda mbio moja, zinazobaki funga upande wako, ongea, mkimbilie kila aliyepoteza. Ukifanya hivyo mara tatu, mara ya nne utaitwa dakika ya 60.

Mtazame Mbwana Samatta, mshambuliaji Mtanzania. Mazembe walimchukua kutoka Simba mwaka uleule wa 2011, akiwa na miaka 18, akakuta safu ya mbele iliyojaa mabingwa. Alikaa hapa Lubumbashi karibu miaka mitano. Mwaka 2015 alimaliza miongoni mwa wafungaji bora wa Ligi ya Mabingwa kwa mabao saba, kombe likaja Kamalondo, na Januari 2016 akatajwa mchezaji bora wa Afrika anayecheza ndani ya bara, kisha akaenda Genk, Ubelgiji.

Kabla hujaondoka mtaani

Jambo moja la mwisho, na ni la mwalimu wako wa kwanza. Mchezaji akihamishwa kimataifa kwa fedha kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha hiyo hugawanywa kwa vilabu vilivyomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kwa uhamisho wa dola 1,000,000, kila mwaka wa malezi kati ya 12 na 15 ni dola 2,500, na kila mwaka kati ya 16 na 23 ni dola 5,000. Kwa timu ndogo ya Katuba, huo ni uwanja uliosawazishwa, neti mbili na mipira ya miaka kadhaa.

Lakini fedha hiyo inafuata kumbukumbu za shirikisho. Timu iwe imesajiliwa, na jina lako liwe kwenye usajili wao mwaka kwa mwaka. Kwa hiyo wiki utakayosaini kwingine, pita kwa mwalimu wako jioni, mkae na daftari lake, mhakikishe pamoja kwamba kila msimu wako una lisansi, tarehe na sahihi. Pigeni picha kila ukurasa. Yeye abaki na daftari, wewe ubaki na picha.